Siku Ishirini na Moja za Bwana Popo

Mtaani walimwita Bwana Popo, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kuamka alfajiri, kutandika nailoni chini ya miti mikubwa nyuma ya hospitali ya zamani, na kukusanya mikojo na vinyesi vya popo wala matunda waliolala humo kwa maelfu. Alivitia kwenye vichupa, akavipeleka maabara, na maabara ikatafuta virusi. Kazi hiyo ilimla miaka ishirini na miwili. Usimcheke, kila mtu ana kinachomla.

Watu walitaka miti ikatwe. Aliwaeleza mpaka koo likamkauka kwamba popo hao ndio wanaotupandia misitu, wanakula tunda huku na kudondosha mbegu kule, na kwamba ukiwafukuza kwa moto na mawe, wakakosa chakula na pa kulala, ndipo wanapomwaga virusi kwa wingi. Waache juu, wewe kaa chini, mbali. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakasogeza viti vyao.

Mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Binti yake wa pekee aliolewa mji mwingine. Hawakuwa na ugomvi, ila kinyongo kilikuwapo: mahafali baba hakufika, siku ya posa alifika wageni wanaaga, na siku ya mazishi ya mama aliondoka mapema kwa sababu friji ya sampuli ilizimika. Kila mara sababu ilikuwa popo. Sasa binti alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na Jumamosi angemleta kwa babu yake. Bwana Popo alipiga deki nyumba nzima mara mbili.

Jumatano asubuhi, akiwa chini ya miti, simu ikalia. Binti. Kioo cha simu hakisikii kidole chenye glavu, na safari hii hakutaka kuikosa. Akavua glavu ya kulia, akapokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mchumba wangu hajambo?"

"Mchumba wako analala mchana kutwa, usiku anatukesha. Jumamosi tunapanda basi la saa mbili. Usije ukaniambia una popo."

"Safari hii sina popo."

Simu ilishakatika, naye bado anacheka peke yake. Furaha ilimpumbaza mzee wa watu. Kitoto cha popo kilikuwa kimeanguka kwenye nailoni, kinatapatapa, na yeye aliyewafundisha wengine miaka yote hiyo wasiguse, akainama akakiokota kwa mkono mtupu. Kikamkwaruza dole gumba. Damu ikatoka kidogo tu.

Akaosha kwa sabuni na maji robo saa nzima, huku anaangaza huku na huku. Hakuna aliyemwona. Mkwaruzo ule ungefunga kabla ya Jumamosi, na angeweza kumpakata mjukuu wake bila mtu kujua lolote. Alitamani sana kunyamaza. Kisha akampigia mkuu wa maabara.

"Njoo uchomwe sindano leo," mkuu akasema. "Halafu siku ishirini na moja ndani, usikutane na mtu. Unajua mwenyewe."

Alijua vizuri, kwani utaratibu huo aliuandika yeye. Simu iliyomshinda ilikuwa ya pili, ya kumweleza binti yake.

"Baba, sema tu kwamba hututaki," binti akasema.

"Nawataka. Ndiyo maana nasema msije."

Akajifungia. Chakula kiliachwa mlangoni na mtu aliyebisha hodi akiwa ameshaanza kuondoka. Asubuhi na jioni alipima joto la mwili na kuliandika. Katikati hakukuwa na kitu. Siku ya tisa alijikuta anamjibu msomaji wa taarifa ya habari redioni, na siku ya kumi na mbili akamgombeza. Jumamosi zilikuwa ndefu kuliko siku nyingine, na upweke ulimuuma waziwazi, wala hakujidanganya kwamba ni uchovu.

Siku ya ishirini na mbili majibu yakaja: damu safi. Akampigia binti kabla hajanawa uso.

"Nimepona, mwanangu. Yaani sikuugua kabisa. Wamepima mara mbili."

"Namshukuru Mungu, baba. Ila huku kwa wakwe wanasema tungoje mtoto apate nguvu. Mwaka hivi."

"Daktari atawaandikia barua."

"Sio wao tu, baba. Mimi mwenyewe naogopa."

Bwana Popo akaketi kitandani.

"Ungenyamaza, ningejua?" binti akauliza.

"Usingejua."

"Na ile Jumamosi ningekuja."

"Ungekuja."

Akamsikia anavuta kamasi. "Ulifanya vizuri, baba," akasema, na alikuwa anasema kweli. Kisha akasema mtoto ameamka, wataongea tena. Siku hakuitaja.