Mbuzi Aliyekuwa Ndani ya Simu

Tangazo lilimkuta Morgan Khisa kazini, katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kitengela, akimpimia mteja waya wa umeme. Simu ilitetemeka mfukoni. Alipopata nafasi aliisoma: wenye gemu ya simu aliyoicheza waliwashukuru wachezaji wote kwa miaka waliyokuwa pamoja, na walisikitika kwamba mwisho wa mwezi wangeifunga. Viumbe vyote vilivyokamatwa vingefutika.

Alirudi kwenye waya, akapima, akakosea, akapima tena. Mteja akamwuliza kama alikuwa mgonjwa.

Gemu yenyewe ilikuwa ya kukamata viumbe. Unatembea mtaani na simu, viumbe vinatokea kwenye kioo, unavitega, unavifuga, unavipiganisha na vya wenzako. Watu wazima wengi waliicheka. Lakini Morgan alikuwa na kiumbe mmoja ambaye hakuwa tayari kumpoteza. Aina yake katika gemu iliitwa Kaprundo: beberu wa mbuzi mwenye manyoya ya rangi ya jivu, ndevu ndefu, na pembe zilizopinda nyuma ambazo ziliwaka kama makaa kila alipokasirika. Chini ya picha yake paliandikwa jina la mtu aliyemkamata mara ya kwanza, na jina hilo halifutiki hata kiumbe akipita mikononi mwa watu wengi kiasi gani. Jina lilikuwa Nick.

Nick Kuntai alikuwa fundi wa pampu za visima, Mmaasai wa Kisaju, na kwa miaka kadhaa yeye na Morgan walipanga vyumba vilivyotazamana katika ploti moja. Morgan alikuwa ametoka Kimilili kutafuta kazi na hakumjua mtu. Walifahamiana asubuhi moja walipokutana nje ya geti, kila mmoja ameelekeza simu yake kwenye lundo lile lile la takataka.

"Ni wangu huyo," Nick alisema.

"Nimemwona kwanza," Morgan akajibu.

Wakacheka, na tangu siku hiyo wakawa wanakula pamoja jioni nyingi kuliko walivyokula peke yao.

Mwaka ambao mama yake Morgan alifariki, Morgan alienda nyumbani akazika, akarudi, akajifungia. Alikuwa akitoka kazini anaingia kitandani na viatu. Nick hakuja kumwambia pole za maneno mengi. Alimtumia Kaprundo, kiumbe wake mwenye nguvu kuliko wote, yule aliyemkamata kwa taabu kule Ewuaso Kedong alipokwenda kutengeneza pampu. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Mchunge. Akikaa bila kutembezwa anaisha nguvu."

Basi Morgan akawa hana budi kutoka nje. Alimtembeza Kaprundo mpaka karibu na reli, jioni baada ya jioni, na siku moja akajikuta ananunua mahindi ya kuchoma na kuzungumza na mwuzaji.

Jumapili iliyofuata Nick alimwita kutoka ng'ambo ya ua kwa sauti kubwa: "Pakine!"

"Nani huyo?"

"Wewe. Kwetu mtu akikupa mbuzi hamuitani majina tena. Nyinyi wawili mnaitana Pakine. Na mbuzi akikufa kwa mkono yako, unakuja kuniambia. Hakuna kunyamaza."

"Hata mbuzi wa simu?"

"Mbuzi ni mbuzi, bro."

Jina hilo lilianza kama mzaha. Baadaye hakuna aliyekumbuka kwamba lilikuwa mzaha.

Kisha ikaja ile mvua kubwa. Nick alikuwa amekwenda nyumbani kwa wikendi. Mto ulio chini ya boma lao ulijaa ghafla na mbuzi wa familia wakakwama kwenye kisiwa kidogo cha mawe katikati. Nick alivuka na kamba, akawatoa baadhi, akarudi kuwachukua waliobaki. Maji yakamchukua. Walimpata siku chache baadaye, mbali kule chini, tope limemjaa mikononi.

Morgan alihudhuria mazishi. Alisimama nyuma pamoja na watu wa ploti, akatupa udongo wake, akaondoka. Alikusudia kurudi kumwona baba yake Nick. Mwezi ukapita, ukapita mwingine, na kadiri muda ulivyosogea ndivyo aibu ya kwenda ilivyozidi. Kaprundo aliendelea kumtembeza.

Sasa Kaprundo alikuwa anafutwa. Siku ya mwisho iliangukia Jumamosi. Morgan aliomba ruhusa kazini, akachaji simu vizuri, akanunua sukari na majani ya chai, akaenda Kisaju.

Aliyempokea bomani alikuwa Soipan, dada yake Nick, mwanamke mrefu aliyefunga leso kiunoni. Alikuwa akimwaga maji kwenye birika la kunyweshea kondoo. Alimtambua mara moja.

"Morgan. Ulipotelea wapi?"

"Nisamehe, dada. Nilikuwa natafuta nguvu ya kuja."

"Na umepata leo?"

"Leo niko na neno la kumwambia mzee. Ni juu ya mbuzi. Nilikuwa nimeachiwa mbuzi na... na ndugu yako."

Soipan aliweka mtungi chini. "Mbuzi zake zote ziko hapa. Mimi ndiye nazihesabu."

Morgan akatoa simu, akamwonyesha. Soipan alitazama beberu wa kijivu akitembeatembea kwenye kioo, kisha akamtazama Morgan usoni kama mtu aliyetukanwa.

"Umetoka Kitengela kuja kumwonyesha baba katuni?"

"Leo jioni wanaifunga. Atakuwa hayuko tena."

"Sikia." Soipan alishusha sauti na kutazama upande wa nyumba. "Tangu tumzike, baba hajataja jina lake. Kwetu wazee hawataji jina la mtu ameenda. Lakini hii yake imezidi. Hata pasta akitaja kanisani, baba anatoka nje. Halafu wewe unamletea kitu imeandikwa jina hapo chini? Akianguka nitamfanya nini mimi?"

"Sijui," Morgan alisema. "Nimefikiria njia yote na sijui. Lakini aliniambia mbuzi akikufa mkononi mwangu, nije niseme, nisinyamaze. Alikuwa ananiita Pakine."

Soipan alichukua mtungi, akauweka tena.

"Alikuwa anakuita hivyo? Kweli?"

"Kila siku."

"Ngoja hapa," akasema.

Mzee Lazarus Kuntai alitoka ndani ya nyumba polepole, koti juu ya shuka, fimbo mkononi. Morgan alimwinamishia kichwa, na mzee akamgusa utosini kwa kiganja kikavu.

"Supa," alimsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa, Mzee."

Wakaketi kwenye viti vya plastiki kando ya ukuta wa mabati. Soipan alibaki amesimama.

"Msichana anasema mlipeana mbuzi na kijana yangu," mzee alisema.

"Ndiyo, Mzee. Yeye ndiye alinipa."

"Mbuzi zake nilikuwa nachunga mimi. Sikumbuki akitoa moja."

Morgan akaeleza. Alianzia kwa mama yake na ule mlango aliokuwa ameufunga, akaeleza gemu kwa Kiswahili chepesi kadiri alivyoweza, na jinsi mbuzi huyo alivyomtoa nje. Alitarajia kuchekwa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kidevu juu ya fimbo.

"Anakula?"

"Anakula, lakini si nyasi ya kweli."

"Ni mgonjwa?"

"Hapana. Wenye gemu ndio wanafunga. Jua likizama atakuwa ameisha."

"Na huwezi kumtoa umpeleke kwingine?"

"Hakuna njia, Mzee. Nimeuliza."

Mzee alitafakari. "Ulifanya vizuri kuja kusema. Hebu nimwone."

Morgan alimtazama kwanza Soipan. Soipan hakumzuia. Morgan akampa mzee simu.

Mzee aliishika mbali na macho, kama alivyozoea kuishika Biblia. Alimkagua Kaprundo kimyakimya, akisogeza kichwa akimfuata alivyogeuka. "Mgongo ni mzuri," alisema. "Pembe ni ya mbuzi msumbufu." Kisha macho yake yakapanda juu ya picha, mahali ambapo mwenye kiumbe huandika jina analompa mnyama wake.

"Sampu," akasoma.

Alirudia tena. Soipan akasogea karibu.

"Alimwita Sampu?"

"Nilimpokea akiwa na jina hilo," Morgan alisema. "Sikuwahi kujua maana yake."

"Tulikuwa na mbuzi wa jina hilo, ana madoamadoa," mzee alisema. "Mama yao alilazwa hospitali Kajiado muda mrefu, na huyu kijana alikuwa bado ananyonya. Mbuzi huyo ndiye alimpa maziwa. Mtoto akilia, mbuzi anakuja mwenyewe, anasimama mlangoni. Tulikuwa tunacheka." Akaitazama tena picha. "Lakini Sampu alikuwa jike. Huyu ni beberu."

Soipan alicheka kidogo bila kutaka, akaziba mdomo.

Mzee alikuwa bado anatazama kioo. Macho yalishuka taratibu mpaka chini ya picha. Midomo yake ilianza kutengeneza herufi. Soipan alinyoosha mkono kuichukua simu, kisha akaurudisha.

"Nick," mzee alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili. Halafu akasema tena, na safari hii sauti ilikatika katikati.

Machozi yalishuka kwenye mashavu ya mzee na hakuyafuta.

"Mimi nilikataa hilo jina," alisema. "Nilitaka aitwe jina ya baba yangu. Mama yao akasema hapana, ni Nick. Nikazoea." Akamrudishia Morgan simu. "Siku ile ya maji nilikuwa huku ng'ambo. Niliona kamba imeachia. Nikaita. Nikaita hilo jina mpaka koo ikaisha. Maji ilikuwa inapiga kelele kama lori. Sijui kama alisikia. Sijui kama alijua baba yake yuko pale. Tangu siku hiyo nikifungua mdomo kusema hilo jina, nasikia ile maji."

Soipan alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake.

"Baba, mimi nilikuwa hapa nyumbani, jikoni. Nilikusikia."

"Hapa?"

"Hapa. Nilisikia ukiita Nick ndiyo nikatoka mbio. Kutoka mto mpaka hapa, na mvua juu ya mabati. Kama mimi nilisikia, yeye alisikia, baba. Alikuwa karibu kuliko mimi."

Mzee alimtazama binti yake. "Hukuniambia."

"Ningekuambia aje? Hukutaka tumtaje."

Mzee aliweka kiganja juu ya kichwa cha Soipan, akakiacha hapo. Alipumua kama mtu aliyetua mzigo na bado anahisi uzito wake mabegani.

Waliketi hivyo, chai ikaletwa, ikapoa, ikaletwa nyingine. Mzee alianza kusimulia, mwanzoni kwa vipande: Nick alivyovunja redio akiwa mdogo ili aone nani anaongea ndani, Nick alivyotengeneza pampu ya kanisa akakataa chakula mpaka maji yatoke. Soipan alimsahihisha hapa na pale. Kila lilipotajwa, jina hilo lilitoka kwa wepesi kidogo zaidi.

Mbuzi walirudi wakaingizwa zizini. Jua lilipokaribia vilima, mzee aliomba simu iwekwe juu ya kigoda ili wote waone. Kaprundo alikuwa anakula majani yake ya bandia. Aliinua kichwa, akageuka upande. Kioo kikawa cheupe, na maandishi ya shukrani yakatokea.

"Ameenda?" mzee akauliza.

"Ameenda, Mzee."

Mzee alivua kofia, akaomba kwa Kimaasai. Morgan aliinamisha kichwa. Alielewa maneno machache tu. Aliichukua simu, ikawa nyepesi ajabu mkononi mwake, akaizima, akaitia mfukoni, na hapo ndipo yeye mwenyewe alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, bila kuficha uso.

Mzee alimwacha alie. Kisha akasema, "Kesho asubuhi utachagua mbuzi mmoja katika zile za Nick."

"Mzee, mimi nakaa ploti. Sina mahali pa kumweka."

"Nani amesema utaenda naye? Atakaa hapa. Wewe utakuwa unakuja."

Asubuhi Morgan alichagua jike mweusi mwenye mguu mmoja mweupe, kwa sababu alikuwa wa kwanza kumsogelea. Soipan alisema huyo ni mwizi wa mahindi na atajuta. Mzee akasema ameshachagua, basi.

Tangu hapo Morgan alikwenda Kisaju karibu kila mwezi. Wakati mwingine hakukuwa na mazungumzo mengi. Alisaidia kurekebisha waya wa zizi, akala, akarudi Kitengela. Jumapili moja kanisani, mzee alisimama mwenyewe wakati wa maombi na kutaja jina la mwanawe mbele ya watu, na hakutoka nje.

Mvua za masika zilipoanza tena, mto ulijaa. Mzee hakuweza kukaa ndani akiusikia, na Morgan alikuwepo siku hiyo. Walishuka pamoja, Soipan nyuma yao na mwavuli, wakasimama mahali palipoinuka, mbali na maji. Magogo yalipita, na chupa za plastiki, na povu la rangi ya udongo. Mzee alitazama kwa muda mrefu. Hakuita. Mwishowe alisema baridi imemwingia miguuni, akamshika Morgan mkono kwa sababu njia ilikuwa na utelezi, wakapanda kurudi nyumbani.