Nani Atapiga Hodi

Usiku wa jana niliota nimeingia ndani ya riwaya ambayo mjukuu wangu Semeni alikuwa akinisomea kabla homa haijamlaza. Ile ya nchi ambako Dini, Uchawi na Sayansi wanagombea ufalme.

Nawakuta wote watatu barazani kwangu. Dini ni mzee wa kanzu nyeupe isiyoshika vumbi. Uchawi ni mama mnene. Kivuli chake kimekaa pembeni kinasuka ukili. Sayansi ni bwana mwenye miwani, anapima kila neno kwa rula kabla ya kulitamka.

Ndani, Semeni anaungua kwa homa. Namsikia akiomba maji.

"Mbona hamwingii?" nauliza.

"Sifunguki mpaka mtu apige hodi," unajibu mlango. "Na hawa hawataki."

"Apigaye hodi ni mgeni," anasema Dini. "Mimi si mgeni popote."

Uchawi anamcheka Dini. "Babu, mimi nilikuwa humu kabla hujaota ndevu."

"Bado haijathibitika kwamba ndani kuna mtu," anasema Sayansi.

"Anaomba maji! Huna masikio?"

Anajipapasa kichwani. "Ninayo," anasema, baada ya kuyapima.

Mara baraza si baraza tena, ni uwanja wa vita. Majeshi yamejipanga kila upande, na mlango wangu umesimama katikati bila ukuta. Nauzunguka. Nyuma yake nako ni mbele.

Jua linachoma. Uchawi ananisogezea kivuli chake nijikinge. Namshukuru, maana sikumwomba.

"Nifungulie, mwanangu," naubembeleza mlango. "Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba hapigi hodi, bibi. Na bila hodi sifunguki."

Nimelea watoto, nikalea na wajukuu, lakini ukaidi wa namna hii sijauona.

"Haya! Nyumba ni ya mgonjwa. Mimi ni mgeni. Hodi!"

Sauti ndogo ya Semeni inaitika: "Karibu, bibi."

Mlango unafunguka. Wale watatu wananifuata wakisukumana.

"Akipona," anauliza Sayansi, "itaandikwa kaponywa na nani?"

"Shika beseni," namwambia. "Wewe mama, kamua kitambaa. Na wewe mzee, mshike mkono, na usihubiri."

Wanatii. Dini anaushika mkono wa Semeni taratibu, kama ashikaye yai. Hilo nililiona.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Semeni alikuwa ameketi kitandani, paji la uso limepoa, anataka uji.

Nilipoinuka kwenda jikoni, akanivuta kanga.

"Bibi, yule bwana wa beseni kasema niwashukuru wote watatu," akaninong'oneza, "ila nisimtangulize yeyote. Sasa nianze na nani?"