Pembe Tuliyoisikia Kihurio

Watu wa Kihurio ni waongo, na orodha yao naianza na mimi mwenyewe. Wiki tatu baada ya mafuriko, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alishuka kutoka Same na karani wake, wakaweka meza mbele ya nyumba ya jumbe Amiri. Walikuja kuchunguza kama kijiji kilikuwa kimejiandaa. Watu kumi na tisa walikuwa wamekufa, na kila aliyeitwa mezani aliulizwa: asubuhi ile, ulisikia pembe? Kila mmoja alijibu kwamba hakusikia kitu. Njia ya mwongo fupi, wanasema, lakini ya kwetu ilikuwa imefika wiki tatu bila kukatika.

Mpiga pembe, Eliamini, alikaa juani amefungwa mikono. Kazi yake ilikuwa kulinda juu ya mlima, na akiona mto umefura apige pembe ili sisi wa bondeni tukimbilie miinukoni. Kama hakuipiga, Bwana Shauri alisema, atakwenda jela. Kwa umri wake asingetoka hai. Sikumwonea huruma. Alikuwa mtu wa kujipendekeza, anavaa koti alilopewa na jumbe na kututazama kama mbuzi wa kuswagwa.

Lakini pembe aliipiga, na sote tuliisikia.

Zamani ilikuwa na milio miwili. Mlio wa kukatakata ulituita msaragambo, kazi ya kijiji ya kuzibua mifereji, na kila mtu alikwenda na jembe lake bila kusukumwa. Mlio mrefu ulikuwa wa hatari. Ikaja amri ya serikali ya kuchimba matuta milimani, kazi ya viboko, na watu wakawa wakisikia mlio wa kazi wanajificha. Basi jumbe Amiri, kwa ujanja wake wa kijinga, akamwamuru Eliamini awe anapiga ule mrefu. Mara ya kwanza tulitoka mbio na watoto mgongoni, tukawakuta matarishi wa jumbe wanatungoja njiani na majembe. Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu tulikaa ndani.

Asubuhi ya mafuriko mume wangu Andrea alikuwa na homa. Milimani mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, kwetu vumbi tupu. Pembe ikalia, mlio mrefu. Nikamwingiza Andrea kwenye ghala la mahindi, nikafunga mlango kwa nje kwa kamba ionekane hamna mtu, nikaenda kusimama njiani niwaambie matarishi kwamba amekwenda Hedaru. Matarishi hawakuja. Yalikuja maji, yakanikokota mpaka kwenye mkuyu, nikang'ang'ania tawi hadi jioni. Ghala lilizolewa lote likavunjikia mbele ya safari, na mwili wa Andrea uliokotwa mpungani. Mama yake, Hedwiga, nilimwambia kwamba mwanawe alikuwa shambani. Alikuwa na huyo mmoja tu.

"Priska mke wa Andrea," karani aliita. "Ulisikia pembe?"

Jumbe Amiri alinikazia macho. Mama Hedwiga alikuwa ameketi nyuma yangu, nasikia anavyokohoa. Kusema ukweli ilikuwa kumwambia na yeye habari ya ghala. Nikamtazama Eliamini, naye akatazama pembeni, na hata hapo nilimchukia. Jumbe nilimchukia zaidi.

"Niliisikia."

"Uongo, bwana," jumbe alisema. "Huyu amechanganyikiwa kwa msiba."

"Hata wewe uliisikia, jumbe. Ulidhani ni amri yako inatekelezwa, ukaendelea kunywa uji."

Bwana Shauri aliinua kichwa. "Kama uliisikia, kwa nini hamkukimbia?"

Nikamweleza habari ya milio miwili, na nani aliyeamuru. Nilipofika kwenye ghala, sikuruka kitu. Nilisema nilimfungia Andrea ndani kwa mkono wangu, na sikugeuka kumtazama mama yake.

Karani aliandika. Mwanamke mmoja akasema na yeye aliisikia, akawaficha wanawe chini ya kitanda. Kisha mwanamume, kisha wengine, wakisema huku wameinamisha vichwa. Bwana Shauri akaamuru Eliamini afunguliwe na jumbe aondoke mezani. Eliamini alinipita bila kunipa hata asante, akienda anajisugua mikono.

Mama Hedwiga alikuja akasimama mbele yangu. Macho yake yalikuwa makavu.

"Kamba uliifunga kwa nje?"

"Ndiyo, mama."

"Walipomleta, kucha zake zilikuwa zimeng'oka," alisema. "Nikawaambia watu ni mawe ya mto. Nikamshukuru Mungu kwamba mwanangu alikufa upesi."