Idhini ya Tatu

Kufika saa tano na dakika ishirini asubuhi nilikuwa nimeshampigia mkutubi wa chuo cha tatu mara sita, na mara zote sita simu iliita mpaka ikachoka. Saa sita kamili mchana, Ijumaa hiyo, ghala letu la kumbukumbu za mitandaoni lingefuta video ya mwisho ya mdogo wangu. Ana siku tisa haonekani. Juzi aliweka video mtandaoni, na kabla hatujaiona akaunti yake nzima ikafutwa. Polisi wamesema wazi: tuleteeni kitu kinachoonyesha yuko wapi, la sivyo hatuna pa kuanzia. Nakala pekee iliyobaki duniani ilikuwa kwetu, ghala lilikuwa limeshainakili lenyewe.

Ghala lenyewe tulilijenga vyuo vitatu kwa pamoja, mwaka mzima, ili watafiti wapate mahali pamoja pa kusomea video na maandishi ya mitandaoni. Tuligombana juu ya kila kitu, hadi rangi ya vitufe. Mimi nilishikilia kanuni mbili, kwa ukaidi ambao mama anasema nilizaliwa nao. Ya kwanza, watafiti waone nakala iliyofichwa sura, sauti na mahali, na ile ya asili ifungiwe. Ya pili, mwenye video akiifuta mtandaoni, Ijumaa inayofuata saa sita ya asili ifutwe na kwetu pia; kuizuia isifutwe na kuifungua ni idhini moja, ya vyuo vyote vitatu. Nilipigiwa makofi. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Idhini yangu niliiweka mapema. Fundi wa kompyuta wa chuo cha pili aliweka yake kabla sijamaliza kueleza, huku akinipa pole. Kikabaki chuo cha mkutubi, mtu anayesoma kila waraka mpaka tanbihi.

Saa tano na nusu akapokea.

"Samahani dada, nilikuwa kikaoni. Ombi lako nimeliona."

"Basi weka idhini, kaka. Zimebaki dakika thelathini."

Nikasikia kiti chake kikilia.

"Akaunti kaifuta nani?"

"Waliomchukua."

"Umejuaje?"

"Namjua mdogo wangu."

"Sikatai. Ila unamkumbuka yule bwana aliyekuja chuoni kwenu kudai video za dada yake? Naye alilia. Kumbe ni mume aliyekimbiwa. Wewe ndiye uliyetusimulia, ukatuambia tusimfungulie hata ndugu."

"Mimi si yule bwana."

"Najua. Lakini kama mdogo wako kajificha, na kafuta mwenyewe? Nikikosea hapo, nimemuuza."

Nilimtukana. Sifichi, nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Kisha nikambembeleza, nikapiga magoti kwenye vigae vya ofisi kana kwamba angeniona. Hakukata simu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikaa ananisikiliza, anapumua, na habonyezi. Hoja zote alizonishinda nazo nilikuwa nimempa mimi mwenyewe.

Saa sita ikapita kwa sekunde chache, na skrini ikaandika kwa herufi ndogo kwamba kazi imekamilika.

"Nisamehe, dada," akasema. Nikakata.

Mama alikuwa amekaa mapokezi tangu saa tatu, mkoba mapajani, akisubiri nitoke na video tuipeleke polisi. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia haipo. Nikamwingiza ofisini, nikamvutia kiti, nikamfungulia ile nakala ya watafiti, ambayo mashine ya kuficha ilikuwa ndiyo kwanza imeimaliza.

Shati la mistari lilikuwa la mdogo wangu, hakuna ubishi. Juu ya kola palikuwa na doa la kijivu likichezacheza, na nyuma yake ukungu mtupu. Sauti ilitoka bapa, ya mashine, si ya mwanamume wala ya mwanamke.

"Mwambieni mama nipo hai," ilisema. "Wamenileta huku," halafu ukaja mlio mrefu pale alipotaja jina la mtaa.

Mama aliomba irudiwe. Nikairudia. Mara ya tatu akanyoosha kidole, akalisugua lile doa kwenye skrini kama anayefuta vumbi, akaangalia kidole chake, akasugua tena.

"Nani kamziba hivi mwanangu?"

"Mimi, mama."