Siku Ukumbi wa Belvedere Ulipogoma Kutoka

Haya nilisimuliwa na Doris Clegg, Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, tukisubiri nguo zetu kwenye mashine za kufulia pale kona ya Mtaa wa Gesi, mwaka ule wachimba makaa walipogoma. Doris ndiye aliyekuwa akiuza aiskrimu kwenye sinema ya Belvedere siku ya mambo yenyewe. Mengine aliyaona kwa macho yake, na mengine aliambiwa na Hilda, mfanyakazi mwenzake ambaye kisa hiki ni chake, maana walikuwa mashoga tangu walipokuwa kiwandani. Doris si mtu wa kutia chumvi. Asilolijua husema silijui.

Ilikuwa majira ya baridi, miaka miwili baada ya vita vya Hitla. Makaa ya mawe yalikuwa ya mgao, sabuni ya mgao, siagi ya mgao, hata peremende za watoto zilikuwa za mgao. Kitu ambacho hakikuwa cha mgao ni sinema. Kwa hiyo mji mzima wa Ackerby ulihamia Belvedere, wenye kupenda picha na wenye kupenda joto.

Na mwaka ule palikuwa na picha moja iliyowatia watu wazimu, ya mjane tajiri na mtunza farasi wake. Uingereza nzima iliikimbilia. Magazeti ya watu wa sinema yaliandika kila wiki kwamba hakuna picha iliyoingiza fedha mwaka ule kama hiyo, na mwaka ulipokwisha ikaonekana ni kweli. Wenye kampuni ya sinema wakatoa ahadi: meneja atakayejaza ukumbi kuliko wenzake atapewa jumba kubwa la Manchester, lenye ngazi za marumaru. Bwana Pomfret, meneja wa Belvedere, hakulala tena. Hata kula alikula amesimama.

Sasa, zamani zile sinema haikuwa na saa ya kuingia. Mlango ulifunguliwa saa saba mchana, na picha ikazunguka, ikiisha inaanza tena, hadi usiku. Wewe unaingia kiti kikipatikana, hata kama mjane ameshaolewa. Unatazama hadi mwisho, unatazama tena kuanzia mwanzo, na ukifika pale ulipoingilia unamgusa mwenzako bega: "Haya, hapa ndipo tulipoingilia," mnainuka mnakwenda zenu. Hakuna aliyefundishwa hilo. Watu walizaliwa nalo.

Bwana Pomfret akaona desturi hiyo inamlia viti na fedha. Ijumaa jioni akawaita wenye tochi, wale wanawake wanaokalisha watu gizani. Akawaambia, "Kuanzia kesho, picha ikiisha, taa zinawashwa na wote wanatoka. Awe ameona nusu, awe ameona robo, nje. Na wewe Hilda, upande wa kushoto ni wako. Taa zikizimwa tena na kiti kimoja kina mtu wa zamani, uweke tochi mezani kwangu."

Hilda alikuwa mjane wa miaka thelathini na miwili. Mumewe Wilfred alizama na meli yake mwaka wa tatu wa vita. Tangu hapo alikaa kwa mavyaa wake, Bi Ada Entwistle, na nyumba ile haikujua siku ya amani. Bi Ada aliamini mwanawe angeomba kazi ya nchi kavu kama si Hilda kuipenda ile sare ya ubaharia. Alilisema hilo kwenye chai, alilisema kwenye supu. Hilda naye alikuwa na ulimi.

Jumamosi asubuhi Hilda alipaka majarini mkate wake, akasema, "Mama, nimepata chumba. Juu ya duka la mikate la Bi Ogden. Nahamia kesho."

Bi Ada hakuinua macho. "Chumba hulipwa."

"Nitalipa."

"Kwa nini? Kwa kuwamulika watu miguu?"

"Ndiyo, kwa kuwamulika watu miguu. Na leo nitachelewa, kwa hiyo usinipikie. Pomfret amesema kiti kimoja kikibaki na mtu picha ikiisha, mimi kazi sina."

Hapo alikosea, na alijua amekosea neno lilipokuwa bado mdomoni. Bi Ada akainua macho. Akamimina chai yake kwenye kisahani, akaipuliza, akanywa yote polepole.

"Kazi huna," akasema. "Na chumba huna."

Saa saba mchana mlango wa Belvedere ulipofunguliwa, wa kwanza kuingia alikuwa Bi Ada, na kofia yake ya kanisani. Bwana Pomfret mwenyewe alimvulia kofia. Hilda akamkalisha mstari wa sita, kiti cha pembeni.

Siku za Jumamosi viwanda vya pamba vilifungwa adhuhuri. Watu wakaenda nyumbani, wakanawa, wakala, kisha wakaja. Kwa hiyo saa saba ukumbi ulikuwa nusu, na kufika saa nane na nusu, mtunza farasi akiwa ameshafukuzwa kazi, kila kiti kina mtu. Nje foleni ikapiga kona hadi kwa mchinja nyama, mvua ya theluji ikiwanyeshea.

Picha ikaisha. Taa zikawaka. Watu wakafumba macho kwa mwanga. Bwana Pomfret akapanda jukwaani, amechana nywele kwa mafuta.

"Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Milango ya pembeni iko wazi. Wote tafadhali."

Mtu akacheka, akidhani ni mzaha.

"Wote," akarudia.

"Mimi nimeingia farasi ameshavunjika mguu!" akasema mwanamke mmoja. "Amevunjikaje?"

"Utakuja Jumatatu, bibie, utamwona."

"Kwa tikiti ya nani?"

Hata hivyo, Waingereza ni watu wa kutii. Wakanung'unika, wakaanza kuokota miavuli. Hilda aliona mstari wa kwanza unainuka, wa pili unainuka, moyo wake ukashuka mahali pake. Ndipo Bi Ada, aliyekuwa amekaa kama kupe, akapaza sauti yake ya kanisani:

"Mimi sitoki. Nimelipa picha nzima, nimeona nusu. Mwanzo sijauona. Anitoe atakayeweza."

Hilda akamtazama. Bi Ada naye akamtazama, tena kwa utulivu kabisa.

Basi, neno lile lilikuwa kiberiti. Waliokuwa wamesimama wakaketi. "Mama anasema kweli! Nami sijaona mwanzo!" "Hatutoki!" Waliokuwa wameuona mwanzo nao wakaketi, maana nje kuna baridi. Kokwa la tufaha likaruka, likampata Pomfret begani.

"Nitaita polisi!" akapiga kelele.

"Waite! Waambie waje na kiti chao!"

"Nitazima mashine ya joto!"

"Zima! Nyumbani kwetu hakuna joto tangu Oktoba!"

Ukumbi ukacheka kicheko kibaya. Wakati huohuo foleni ya nje ilianza kugonga milango kwa ngumi. Bawabu, mzee Sugden, aliyekuwa sajenti vita vya kwanza, akaingia kofia imekaa upande. "Bwana, huko nje watanila. Wanauliza hao waliomo ndani wamelipa kodi ya pango au vipi."

Pomfret akashuka jukwaani, akamjia Hilda moja kwa moja. "Upande wako umeanza. Huyo kikongwe ni mavyaa wako, sivyo? Mtoe."

"Kwa nguvu?"

"Kwa unavyojua. Au niletee hiyo tochi."

Ndipo fundi mmoja wa mabomba, mtu mnene aliyeketi katikati, akasimama juu ya kiti chake. "Sikieni! Hapa pana wenye haki na pana wezi. Muulizeni Hilda! Yule akikukalisha hakusahau. Mwaka jana aliniambia nilipoingilia, nami mwenyewe nilikuwa nimesahau. Aliyeingia katikati abaki aone mwanzo wake. Aliyeona yote atoke!"

"Haki!" wakaitikia. "Hilda aseme!"

Pomfret akapiga hesabu usoni. Nusu ya ukumbi ni bora kuliko kukosa wote. "Haya," akamwambia Hilda kwa sauti ya chini. "Lakini nimesimama mlangoni tangu saa saba. Ukimficha mmoja tu ninayemjua mimi, tochi mezani."

Hilda akaanza mstari wa nyuma. Ni kweli alikuwa na kichwa cha ajabu. "Bwana Lumb, saa nane kasoro robo, baki. Nyie wawili mmeingia wakati wa taarifa ya habari, picha haijaanza, nendeni. Wewe bibi, baki." Watu wakatii, maana hakukosea. Mzee mmoja akanong'ona, "Mimi niliingia farasi anaanguka, mwanangu."

"Uliingia kabla ya jina la picha, Bwana Crabtree, ukiwa na chipsi kwenye gazeti. Nikakwambia usimwage siki kwenye zulia."

Ukumbi ukaangua kicheko, Crabtree akatoka akiwa mwekundu kama nyanya. Lakini kadiri Hilda alivyowataja watu ndivyo kicheko kilivyopungua. Aliyetolewa alimtazama vibaya. Mwanamke mmoja waliyefuma naye mashine moja miaka minne alipita karibu yake akasema, "Kumbe ndivyo ulivyo." Mwingine akatema mate karibu na kiatu chake. Hilda akaendelea.

Akafika mstari wa sita.

Pomfret alikuwa amesimama chini ya jukwaa, mikono nyuma. Watu walijua ni nani na nani.

"Sema," Bi Ada akasema. "Waambie watu mama yake Wilfred ni mwongo. Mwanangu yuko chini ya bahari, nawe umesimama juu ya zulia."

"Mama, inuka. Nakuomba. Inuka mwenyewe, nisiseme."

"Unaniomba leo? Miaka mitano hujaniomba hata chumvi. Sitoki. Leo utarudi nyumbani bila kazi, ukae, unipikie, kama ulivyotakiwa ukae tangu mwanzo."

"Kwa hiyo ni hilo."

"Ni hilo."

Hilda angeweza kusema kwa sauti ndogo. Doris aliniambia hivyo, na Hilda mwenyewe alikiri hivyo baadaye. Angeweza kuinama, akasema sikioni. Mwenye tochi hufundishwa siku ya kwanza kwamba mwanga ni wa miguu. Kummulika mteja usoni ni tusi, unaweza kufukuzwa. Na taa zote zilikuwa zinawaka, wala hapakuwa na haja ya tochi. Lakini Hilda akaiwasha. Akaielekeza kwenye uso wa Bi Ada, chini ya ile kofia ya kanisani, akaishikilia hapo.

"Saa saba kamili," akasema, na sauti yake ikafika roshani. "Wa kwanza kuingia. Nilimkalisha mimi. Ameona taarifa ya habari, ameona mwanzo, ameona katikati, ameona mwisho. Farasi alipovunjika mguu alikuwa anakula bisikuti. Hana haki ya hata dakika moja."

Bi Ada alifumba macho kwa mwanga. Hakujifunika uso. Kutoka nyuma mtu akapiga mluzi, kisha wakapiga wengi, na walewale waliosema mama anasema kweli wakaanza: "Mwongo! Mzee mzima! Toka nje! Umetusimamisha bure!" Makokwa yaliyobaki yakamfuata yeye.

Akainuka, akanyoosha koti. Alipompita Hilda akasimama.

"Umenitoa kwenye kiti," akasema. "Mimi nakutoa kwenye nyumba."

"Nilishatoka asubuhi, mama."

Mlango wa pembeni ulifunguka kuelekea kwenye foleni. Watu waliolowa kwa muda wa saa mbili walimsubiri huko, na sitayaandika waliyomwambia. Kabla mlango haujafungwa, kiti chake kilikuwa na mchumba na mchumbake, wamebanana wawili kwenye kimoja.

Pomfret akaja akisugua mikono. "Umefanya vizuri sana, Hilda. Jumatatu tutafanya hivyohivyo kila picha ikiisha. Wewe utakuwa unawataja."

"Kila picha?"

"Kila picha. Watu wanakuogopa. Ni kitu kizuri hicho."

Doris alimwona Hilda ameishika tochi kwa mikono miwili, mwanga bado unawaka, unamulika tumbo la meneja.

Usiku ule alilala kwa Doris, wawili kitanda kimoja. Jumapili sinema zilifungwa kwa amri ya mji. Saa nane mchana Hilda alikwenda kwa Bi Ada, Mtaa wa Peel, kuchukua sanduku lake. Hakuhitaji kubisha. Sanduku lilikuwa ngazini, kwenye mvua, mfuniko wazi. Juu ya nguo iliwekwa picha ya harusi, imekatwa kwa mkasi katikati, vizuri, kama anavyokata mshonaji. Nusu iliyowekwa ni ya bibi harusi. Begani kwake vilibaki vidole vinne vya mtu.

Mapazia ya mtaa mzima yalikuwa yakitikisika. Hilda akapaza sauti dirishani, "Umesahau vidole vyake!"

Dirisha likafunguka kidogo. "Vitunze. Ndivyo ulivyopata kwake."

Dirisha likafungwa, komeo la mlango likasikika. Hilda akafunga sanduku, akaliburuta hadi mjini peke yake. Katika watu sita waliokutana naye njiani, wawili walimsalimu.

Nyumba za Mtaa wa Peel zimeshikana ukuta, na jirani husikia hata kijiko cha mwenzake. Jirani alisema kwamba saa tisa Bi Ada alikuwa ameshakaa mbele ya meko yake, na akaanza kukoroma kama aliyefanya kazi ya siku nzima.

Chumba cha juu ya duka la mikate kilisifiwa kwa joto, lakini Jumapili tanuri haiwashwi. Bi Ogden alimpa ufunguo na blanketi moja, akamwambia, "Mimi nilikuwa mstari wa tisa jana. Uliniacha nibaki. Lakini mwanangu, mimi nisingemmulika." Akashuka ngazi.

Hilda hakufungua sanduku. Alijilaza na koti lake na viatu vyake, akageukia ukutani. Aliwaza atakavyowataja watu Jumatatu, mstari kwa mstari. Akaanza kuwahesabu, wa nyuma kwanza. Hakufika mstari wa sita. Usingizi ulimchukua.