Sehemu ya Chanzo

Dobi alikuwa ameshanyoosha mashuka sita ya gesti pale mwalimu wa bintiye alipompigia simu tena: mtoto hatulii wala hashiki anachofundishwa; bila barua ya hospitali, asirudi darasani. Akazima pasi, akamshika mkono binti yake wa miaka minane, wakaondoka.

Njia nzima aliwaza ni nani aliyepeleka shuleni maneno ya maisha yake ya zamani. Wifi yake alikuwa na mdomo usio na kufuli.

Daktari alikuwa mama mpole, na upole wenyewe ukamtia dobi mashaka. Alimtajia mtoto vitu vitatu, akamchezesha kidogo, akamuuliza. Mtoto hakukumbuka hata kimoja. Alishapanda kiti, kashuka, kafungua droo. Ndipo daktari akauliza kama mama alikunywa pombe akiwa mjamzito.

"Nani kakwambia?"

Hakuna aliyemwambia. Daktari akaeleza taratibu kwamba pombe anayokunywa mama humfikia mtoto tumboni ubongo ukiwa bado unajengwa, ikavuruga kemikali ambazo ubongo hutumia kupelekeana habari. Ndiyo maana huyu hatulii, na la asubuhi mchana halipo. Si ukaidi, na fimbo haitamtibu. Afundishwe polepole, jambo moja moja.

Dobi alitazama mlango kwanza. Kisha akasema kwamba zamani alikuwa mhudumu wa baa. Tajiri mwenye baa alitaka wahudumu wakae na wateja, wanywe nao, chupa zitoke. Aliyekataa hakupangiwa zamu. Alikunywa mpaka mimba ya miezi saba.

"Na kliniki nilikuwa naenda," alisema. "Walinipima tumbo, harufu wanaisikia. Hakuna aliyeniambia neno."

Daktari aliandika, akamwelekeza kwa karani. Karani alijaza fomu ya kupeleka shuleni, akaisukuma dirishani pamoja na kalamu. Dobi hakuiamini; aliisoma mstari kwa mstari kwa kidole. Kwenye sehemu ya chanzo cha tatizo paliandikwa: Ulevi wa mama.

"Ongeza na baa."

"Nafasi ni moja tu, mama. Weka sahihi, watu wanasubiri."

Akainama. Pembezoni, kwa herufi zilizopinda, akaandika: Nililazimishwa kazini. Kisha akaweka sahihi.

Karani aliitazama karatasi, akaichana vipande viwili. Akasema fomu imeharibika na muhuri haugongwi juu ya uchafu. Aje kesho, aanze upya.

"Nitakuja," dobi alisema. "Na nitaandika vilevile."