Shahidi wa Pili

Tangu asubuhi fundi cherehani alikuwa hakai akatulia. Alikaa kiti cha mbele, akahamia cha nyuma, akatoka kwenda kuangalia ratiba iliyobandikwa mlangoni mwa ukumbi, kana kwamba jina la makala yake lingefutika akigeuza kisogo. Halikufutika. Saa nne na nusu: "Siku Tatu Bila Mashuka: Mgomo wa Wafuaji wa Hospitali." Saa nane: kutangazwa kwa tuzo.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na mkutano wa mwaka wa chama cha wanahistoria wa kanda hakuwahi kuuona hata kwa picha. Masomo ya jioni aliyaanza akiwa tayari ana wajukuu. Wenzake darasani walimbandika jina la Mama Daftari, kwa sababu aliandika kila kitu, hata mwalimu akikohoa. Mwalimu huyo ndiye aliyemsukuma aingie kwenye shindano la watafiti wasio wa vyuo. Na jana katibu wa chama, mwanamke mwenye maneno machache na funguo nyingi, alimnong'oneza kwamba kesho avae vizuri, maana mshindi hupigwa picha.

Picha haikumshughulisha. Makala ya mshindi huchapishwa katika kitabu cha mwaka cha chama, na hapo ndipo moyo wake ulipokuwa. Wafuaji kumi na mmoja walikunja mikono siku tatu hadi wakapewa glavu za kuwakinga na sabuni iliyokuwa ikiwabambua ngozi, na hakuna aliyewaandika popote. Daftari la hospitali lilisema tu kwamba siku hizo boila, mtambo wa kuchemshia maji ya kufulia, iliharibika. Karibu mwaka mzima fundi alikuwa akipiga magoti kila alfajiri, akiyataja majina yale mbele za Mungu moja moja, akiomba yachapwe kabla hayajasahaulika yote.

Chama kilikuwa na sharti: anayepinga rekodi iliyoandikwa alete mashahidi wawili waliokuwepo. Shahidi wa kwanza alikuwa msimamizi wa wafuaji, bibi aliyehojiwa miezi mitatu kabla ya kufariki. Wa pili alikuwa Shangazi, aliyemlea fundi tangu akiwa na miaka minne. Jina la kumi na moja lilikuwa la Shangazi mwenyewe, na leo alikuja kulisikia likisomwa, amevaa gauni jipya ambalo fundi alilishona kwa wiki mbili.

Wakati wa chai Shangazi alijikuta meza moja na jaji mkuu wa shindano, mzee mpole mwenye miwani inayoning'inia shingoni. Kama kawaida yake hakuchelewa kuzoea. Alimsimulia habari za kifungua mimba wake, ambaye sasa ni dereva wa lori na mlangoni hupita ubavu. Huyo, alisema, alizaliwa hospitali hiyohiyo juu ya godoro tupu kama mtoto wa paka, shuka hakuna hata la dawa. Mzee akacheka hadi miwani ikaruka.

Fundi hakucheka. Kila mwaka alimpigia binamu yake simu kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa, na tarehe hiyohiyo aliipiga chapa kwa mkono wake katika ukurasa wa nne. Siku ya pili ya mgomo. Ilikuwa mbele ya macho yake muda wote, akaipita kama mtu anavyopita mlango wa kwao.

Akamshika Shangazi mkono, akamtoa hadi kwenye korido, karibu na mashine ya fotokopi.

"Shangazi, siku za mgomo ulikuwa wapi?"

"Si nilishakwambia? Tulikalia mabeseni tukakunja mikono."

"Mwanao alizaliwa siku ya pili."

Shangazi alianza kurekebisha kola ambayo haikuwa na kasoro. "Wale walikuwa wenzangu. Miaka sita nimefua nao. Ningekuwepo, ningekaa nao. Kuna tofauti gani?" Kisha sauti ikapanda kidogo. "Na mbona unaniuliza leo? Siku ile ulikuja na hicho kidude chako cha kurekodia ukasema, Shangazi, nisimulie. Nikakusimulia."

Ilikuwa kweli tupu. Wengine wote aliwauliza: ulikuwa wapi, ulisimama na nani, ulijuaje. Kwa Shangazi aliona haya. Utamhojije mtu aliyekufuta kamasi?

Zilibaki dakika kumi. Alijifungia chooni kuomba, na sala ya kwanza iliyomtoka ni kwamba Mungu amsahaulishe yule jaji habari za godoro. Alipojisikia anaomba hivyo aliona aibu, akaikatiza. Alianza upya, safari hii akiomba nguvu ya magoti tu, yamfikishe mbele.

Yalimfikisha. Alisoma kurasa tatu kwa sauti iliyokuwa ikikimbia. Alipofika ya nne aliiweka chini.

"Shahidi wangu wa pili hakuwepo," alisema. "Kosa ni langu, sikumuuliza ninavyowauliza wengine. Naomba mfute jina la kumi na moja, wabaki kumi."

Mwalimu wa jioni aliinamia viatu vyake. Shangazi, kwenye kiti cha mbele, alikazia macho feni ya darini. Mtu mmoja aliuliza, bila ubaya, sasa nini kinaonyesha kwamba boila haikuharibika kweli. Fundi alijibu kwamba amebaki na neno la marehemu mmoja, basi.

Saa nane tuzo ilikwenda kwa tarishi mstaafu aliyeandika historia ya daraja. Fundi alimpigia makofi. Jaji mkuu alimsimamisha mlangoni akamwambia arudishe makala mwakani akipata shahidi mwingine. Aliitikia kwa adabu. Katika wale kumi hakuna aliyekuwa hai.

Fundi alimkuta Shangazi nje, kwenye benchi la ukutani, kavua viatu. Alikaa mwisho wa benchi, akainuka, akakaa tena.

"Umenivua nguo mbele ya watu wenye miwani," alisema Shangazi.

"Nisamehe."

Shangazi alisugua mguu mmoja, akasugua wa pili. Alipoanza kusema hakumtazama.

"Niliwalaani, unajua? Nimejifungua, sina hata kitambaa cha kumfunikia mtoto, na najua wenzangu wako chini pale wamekunja mikono. Nikawalaani mmoja mmoja kwa majina. Halafu niliporudi kazini, zile glavu nikazivaa. Hilo ningekwambiaje uliandike?"

Fundi alitaka kumshika bega, akasita.

"Nikamvua blauzi yangu nikamfunga nayo," Shangazi aliendelea, akajicheka kidogo. "Yaani, niliivua mimi. Nikamlaza ukutani. Ukuta wa wodi ile ulikuwa wa moto, chini yake ndiyo boila. Ndio uliomponya."

Fundi aliacha kutikisa mguu. "Siku zote tatu ulikuwa wa moto?"

"Usiku na mchana. Mtu wa kuwasha moto yeye hakugoma. Ilikuwa inanguruma kule chini kama inasaga mawe, nikawa nasema, hata boila inafanya kazi, nyinyi mmekaa."

Fundi alipekua mkoba hadi chini, leso na funguo vikamwagika, akatoa kile kidude cha kurekodia. Shangazi alikitazama muda mrefu.

"Washa," alisema. "Lakini uniulize kama unavyowauliza wengine."

Fundi alibonyeza. Alitaja tarehe na mahali, kama alivyofundishwa.

"Jina lako kamili. Na siku za mgomo ulikuwa wapi?"

Shangazi alivaa viatu kwanza, akakaa wima, ndipo akajibu.